Humboldt au von Humboldt? Jina la Ukoo la Mwanasayansi katika Kiingereza na Funzo Lake kwa Mwandishi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili hukutana na jina la Humboldt mapema katika masomo yake. Wilhelm von Humboldt (1767–1835) ni miongoni mwa waasisi wa mawazo kuhusu uhusiano wa lugha na fikra, na kazi yake kubwa kuhusu lugha ya Kikawi ya kisiwa cha Java ilianza kuchapishwa mwaka 1836, baada ya kifo chake. Nduguye mdogo, Alexander von Humboldt (1769–1859), ndiye mwanasayansi aliyesafiri katika nchi za Amerika kuanzia mwaka 1799 hadi 1804, na ambaye jina lake limepewa mkondo wa maji baridi unaopita katika pwani za Chile na Peru. Mwanafunzi anapoandika kuhusu ndugu hawa kwa Kiingereza, maswali huzuka mara moja. Je, aandike Humboldt au von Humboldt? Katika orodha ya marejeo, jina liwekwe chini ya herufi H au V? Na ndugu wawili wenye jina moja la ukoo watofautishwe vipi?

Maswali haya huweza kuonekana madogo, ya kuachiwa wahariri na wapiga chapa. Hata hivyo, katika taaluma jina ndilo anwani ya wazo. Msomaji anayetaka kurudi kwenye chanzo hana njia nyingine isipokuwa jina na mwaka. Jina likikosewa, mtu mmoja hugeuka kuwa wawili katika faharasa, watu wawili huunganishwa wakawa mmoja, na sifa ya aliyevumbua humwendea asiyehusika. Mifano halisi ya makosa ya namna hiyo itaonyeshwa hapa chini.

Mhadhara huu unachunguza matumizi ya majina ya ukoo ya wanasayansi mashuhuri katika Kiingereza. Hoja yake kuu ni kwamba hakuna kanuni moja ya kisarufi inayotawala majina hayo. Kiingereza hufuata desturi, na desturi hiyo imejengwa na mambo matatu: chaguo la mwenye jina, lugha alikotoka, na mazoea ya wanataaluma waliomtaja baada yake. Kwa hiyo kila jina lina historia yake, na anayeandika hana budi kuijua. Mwishoni, mhadhara unatazama kipi katika desturi hiyo chafaa kuchukuliwa na mwandishi wa Kiswahili na kipi hakifai.

2.0 Jina la mwisho si lazima liwe jina la ukoo

Wengi hudhani kwamba neno la mwisho katika jina la mtu ndilo jina la ukoo, na kwamba ndilo la kutumia peke yake. Dhana hii huwafaa Isaac Newton na Charles Darwin, lakini huvunjika mara tu mtu anapotoka nje ya Uingereza au kurudi nyuma katika karne za awali.

Leonardo da Vinci (1452–1519) ni mfano unaojulikana sana. Maneno "da Vinci" maana yake ni "wa Vinci", yaani mtu wa mji mdogo wa Vinci katika eneo la Toscana, Italia. Hayakuwa jina la ukoo kwa maana ya leo. Ndiyo maana wanahistoria wanaoandika kwa Kiingereza humwita Leonardo, ingawa katika lugha ya kawaida wengi husema "da Vinci". Galileo Galilei (1564–1642) yeye alikuwa na jina la ukoo, lakini Kiingereza kimezoea kumtaja kwa jina lake la kwanza. Hakuna mwanafizikia anayeandika kuhusu darubini ya Galilei akitumia Kiingereza, huandika Galileo. Hali kadhalika, mwanafalaki Tycho Brahe (1546–1601) hutajwa mara nyingi kama Tycho, na kivumishi kinachohusu mfumo wake wa ulimwengu kimeundwa kutokana na jina hilo la kwanza.

Majina ya wanazuoni walioandika kwa Kiarabu yanahitaji uangalifu wa aina nyingine. Katika jina Ibn Sina (980–1037), neno "Ibn" maana yake ni "mwana wa". Kuliondoa na kubakiza "Sina" ni kumtaja mzee wake badala yake. Kiingereza humwita Ibn Sina, au Avicenna kwa umbo lililopitia Kilatini. Jina al-Khwarizmi nalo halitaji ukoo bali nisba: mtu anayenasibishwa na Khwarizm. Msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki hatashangazwa na hili, kwani mfumo wa "bin" na nisba anaufahamu. Hakuna mhakiki wa ushairi wa Kiswahili anayemwita Muyaka bin Haji kwa jina la "Haji" peke yake. Mshairi ni Muyaka, na Haji ni babake.

3.0 Vihusishi vinavyotangulia jina

Tatizo la Humboldt ni la kundi kubwa la majina yanayotanguliwa na vihusishi: "von" katika Kijerumani, "van" katika Kiholanzi, "de" katika Kifaransa. Kwa asili maneno haya yanakaribiana kimaana na -a unganifu ya Kiswahili, yaani "wa" au "kutoka". Swali ni kama Kiingereza hukihesabu kihusishi hicho kuwa sehemu ya jina la ukoo au la.

Kwa Humboldt, jibu ni kwamba kihusishi hubaki pale tu jina la kwanza au cheo linapotajwa. Huandikwa "Alexander von Humboldt", lakini baadaye huandikwa "Humboldt" tu. Kiingereza hapa kimefuata Kijerumani, ambacho humwita Humboldt, humpanga chini ya herufi H, na kimewaenzi ndugu wote wawili kwa kukiita chuo kikuu cha Berlin kwa jina lao bila "von". Mkondo wa bahari nao huitwa kwa Kiingereza "the Humboldt Current". Kwa kuwa ndugu hao wanachangia jina, mwandishi anayewazungumzia wote wawili hana budi kutaja jina la kwanza kila inapohitajika.

Lakini kanuni hii haiwezi kubebwa ikapachikwa kwa John von Neumann (1903–1957). Mwanahisabati huyu alizaliwa Budapest. Familia yake ilipewa hadhi ya ukabaila mwaka 1913, naye akatumia kihusishi "von" alipokuwa akifanya kazi Ujerumani. Alihamia Marekani katika miaka ya 1930, akawa raia wa huko mwaka 1937, na jina lake likaingia katika Kiingereza likiwa zima. Muundo wa kompyuta unaohusishwa naye huitwa muundo wa von Neumann, na katika faharasa za Kiingereza hupangwa chini ya V. Kumwita "Neumann" katika matini ya Kiingereza ni kumpoteza msomaji. Kihusishi ni kilekile, lakini majina yamepita njia mbili tofauti: Humboldt aliingia katika Kiingereza kama Mjerumani anayetajwa kutoka mbali, na von Neumann aliingia kama mkazi aliyejitambulisha mwenyewe.

Kifaransa kinatoa jozi inayofanana na hii. Jean-Baptiste de Lamarck (1744–1829), aliyeandika kuhusu mabadiliko ya viumbe kabla ya Darwin, huitwa Lamarck tu. Louis de Broglie (1892–1987), aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1929, huitwa de Broglie, na urefu wa mawimbi unaobeba jina lake hautajwi bila "de".

Kiholanzi kina desturi ya herufi kubwa inayowasumbua wengi. Johannes Diderik van der Waals (1837–1923) huandikwa kwao kwa "v" ndogo linapotangulia jina la kwanza au herufi zake za mwanzo, na kwa "V" kubwa jina la ukoo linaposimama peke yake. Waholanzi humpanga chini ya W. Kiingereza mara nyingi hubakiza "v" ndogo katika hali zote mbili, isipokuwa mwanzoni mwa sentensi, na humpanga chini ya V. Kwa hiyo anayetafuta jina hili katika faharasa mbili za nchi mbili asipoliona mahali pa kwanza asikate tamaa. Jina lipo, ila limefuata desturi nyingine.

4.0 Cheo na jina

Mzungumzaji wa Kiswahili ana uhuru mkubwa wa kutanguliza neno la heshima mbele ya jina lolote. Husemwa Mzee Juma na Mzee Kenyatta, Bi Asha na Bi Mwinyi, bila kosa. Uhuru huu huzaa kosa katika Kiingereza pale mwanafunzi anapoandika "Sir Newton". Cheo cha "Sir", ambacho Newton alitunukiwa mwaka 1705, huambatana na jina la kwanza: ni "Sir Isaac" au "Sir Isaac Newton". Kamwe hakiambatani na jina la ukoo peke yake.

Cheo cha "Lord" kina kanuni tofauti, na mfano wake bora ni Lord Kelvin (1824–1907). Mwanafizikia huyu alizaliwa Belfast akiitwa William Thomson. Mwaka 1866 akawa Sir William Thomson. Mwaka 1892 alipewa hadhi ya kuingia katika baraza la makabaila, akachagua kuitwa Kelvin, jina la mto unaopita karibu na Chuo Kikuu cha Glasgow alikofundisha kwa zaidi ya miaka 50. Hivyo basi, Kelvin halikuwa jina lake la ukoo hata siku moja. Ni jina la cheo. "Lord Kelvin" ni sahihi, lakini "William Kelvin" ni mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Athari zake katika marejeo ni kubwa. Makala yaliyopendekeza kipimo cha joto kinachoanzia sifuri kamili yalitoka mwaka 1848, miaka 44 kabla ya jina Kelvin kuwapo. Anayeyatafuta makala hayo chini ya Kelvin anaweza asiyaone. Mwandishi wake ni Thomson. Tokeo la gesi linalobeba majina ya Joule na Thomson linamhusu mtu huyohuyo. Na asichanganywe na J. J. Thomson (1856–1940), aliyegundua elektroni mwaka 1897 na ambaye hakuwa wa ukoo wake. Hapa mtu mmoja ana majina mawili, na jina moja lina watu wawili. Kinachomwokoa msomaji ni usahihi wa mwandishi tu.

5.0 Ritifaa, kistari na herufi moja

Sheria au nadharia inapopewa jina la mwanasayansi, Kiingereza kina njia mbili za kuliunganisha. Njia ya kwanza ni umilikishi, unaoonyeshwa kwa ritifaa na herufi s: "Hooke's law". Njia ya pili ni kulifanya jina liwe kama kivumishi, bila ritifaa: "the Doppler effect". Katika njia ya kwanza kibainishi "the" hakitumiki. Katika ya pili hutumika. Kuandika "the Hooke's law" ni kuchanganya njia hizi mbili. Ipi itumike kwa jina lipi ni suala la mazoea, wala halina kanuni ya kukisia.

Mwandishi wa Kiswahili anaifahamu ritifaa katika neno kama ng'ombe, ambamo ni sehemu ya tahajia ya konsonanti. Katika Kiingereza kazi yake ni kuonyesha mpaka baina ya jina na kiambishi, na mpaka huo ukiwekwa pasipo mahali pake, jina hubadilika. George Gabriel Stokes (1819–1903) ana herufi s ndani ya jina lake. Umilikishi wake ni "Stokes's" au "Stokes'", kutegemea mwongozo unaofuatwa. Anayeandika "Stoke's" ameikata s ya jina na kumzua mtu mwingine aitwaye Stoke. Kinyume chake, Robert Hooke (1635–1703) hana s, na "Hookes'" humwongezea asichokuwa nacho.

Kistari nacho hubeba maana. John Lennard-Jones (1894–1954) ni mtu mmoja mwenye jina la ukoo lenye sehemu mbili, na vilevile Tullio Levi-Civita (1873–1941). Bose na Einstein ni watu wawili. Wachapaji makini wa Kiingereza hutumia kistari kifupi kwa mtu mmoja na kistari kirefu zaidi kwa watu wawili. Tofauti ya urefu ni ndogo machoni, lakini ndiyo inayomwambia msomaji atafute wasifu wa mtu mmoja au wa wawili.

Mfano wa kosa lililokwenda mbali ni wa herufi moja tu, t. Sharti mojawapo linalotumika katika nadharia ya sumakuumeme lilitolewa mwaka 1867 na Ludvig Lorenz (1829–1891), mwanafizikia wa Denmark. Vitabu vingi vya Kiingereza vimelinasibisha na Hendrik Lorentz (1853–1928), Mholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Mwaka 1867 Lorentz alikuwa mvulana wa takriban miaka 14. Mashuhuri zaidi alimmeza asiye mashuhuri, si kwa hila ya yeyote, bali kwa sababu sikio halitofautishi majina hayo na kalamu ikafuata sikio.

6.0 Jina linapogeuka kipimo

Hatua ya mwisho ya safari ya jina ni pale linapoacha kuwa jina la mtu na kuwa nomino ya kawaida. Katika Kiingereza, majina ya vipimo vya kimataifa huandikwa kwa herufi ndogo: newton, joule, kelvin. Alama zake hubaki na herufi kubwa: N, J, K. Herufi ndogo haimvunjii mtu heshima. Huonyesha kwamba anayezungumziwa si mtu tena. Kipimo cha Celsius ndicho kinachojitenga, kwani Kiingereza huanza na neno la "degree" kwa herufi ndogo kisha Celsius kwa herufi kubwa. Kelvin nayo zamani ilitanguliwa na neno hilo, lakini tangu mwaka 1967 limeondolewa rasmi.

Herufi s ya mwisho huleta tatizo lilelile la Stokes. Kipimo cha siemens kimepewa jina la Werner von Siemens (1816–1892), ambaye kihusishi chake kilikuja na ukabaila mwaka 1888 na hakikufuatana na jina katika kipimo. Siemens moja ni siemens; hakuna "siemen".

7.0 Funzo kwa mwandishi wa Kiswahili

Kiswahili kina utajiri wake katika suala hili. Tatizo la ritifaa halipo, kwa kuwa -a unganifu hufanya kazi zote mbili: sheria ya Hooke, athari ya Doppler, mkondo wa Humboldt. Jina hubaki zima, wala halikatwi wala kuongezwa. Aidha, pale Kiingereza kinapotofautisha mtu na kipimo kwa ukubwa wa herufi, Kiswahili huweza kuvitofautisha kwa tahajia: mtu ni Anders Celsius, kwa maandishi ya kwao, na joto hupimwa kwa nyuzi za Selsiasi, kwa utohozi. Tofauti hii inafaa kudumishwa. Kutohoa jina la mtu ni kumwondolea anwani yake, na kuacha kutohoa kipimo ni kukinyima uraia katika lugha.

Hata hivyo, -a unganifu ina mtego wake. Mwandishi anayejua kwamba "de" maana yake ni "wa" huweza kuona kwamba "mawimbi ya de Broglie" yana viunganishi viwili vya maana moja, akaondoa kimoja. Hilo si sahihi. "Ya" ni ya sarufi ya Kiswahili. "De" ni ya jina. Maana ya asili ya kihusishi haitoi ruhusa ya kukitafsiri wala kukifuta. Kinachoamua ni desturi ya jina husika, na ndiyo maana huandikwa "mawimbi ya de Broglie" lakini "nadharia ya Lamarck".

Jambo la pili linahusu majina ya Waswahili wenyewe. Mfumo wa Kiingereza wa kutanguliza jina la mwisho katika orodha ya marejeo umeenea vyuoni, nao humpanga Shaaban Robert (1909–1962) chini ya R. Katika orodha jambo hili lina manufaa yake, mradi lifanywe kwa uthabiti. Lakini katika sentensi, kuandika kwamba "Robert anasema" ni kumtaja mzazi mahali pa mtoto, kwani mwandishi huyo aliwahi kujiandika Shaaban bin Robert. Mapokeo ya taaluma ya Kiswahili humtaja kwa majina yote mawili, na mapokeo hayo yana haki ileile ambayo Kiingereza kimeipa Galileo. Ikiwa Kiingereza kimeweza kumweka Galileo nje ya kanuni ya jina la ukoo, hakuna sababu ya Kiswahili kujilazimisha kuwaingiza Muyaka na Shaaban Robert ndani yake.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba jina la ukoo la mwanasayansi katika Kiingereza haliandikwi kwa kukisia wala kwa kuisahihisha lugha moja kwa sarufi ya nyingine. Anayetaka kuliandika ipasavyo ana hatua tatu za kufuata. Kwanza, achunguze mwenye jina alivyojiandika katika wakati wa kazi inayorejelewa. Thomson wa mwaka 1848 asiitwe Kelvin katika orodha ya marejeo. Pili, atazame kamusi za wasifu na ensaiklopidia zinazoaminika aone jina limepangwa chini ya herufi gani. Tatu, akishachagua umbo, adumu nalo kutoka ukurasa wa kwanza hadi faharasa.

Kwa swali lililoanzisha mjadala huu, jibu ni Humboldt, chini ya H, pamoja na jina la kwanza kila ndugu hao wawili wanapokutana katika ukurasa mmoja. Jibu hilo ni la Humboldt peke yake. Kwa von Neumann uchunguzi huanza upya.